Veronika wa Vitofali

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Veronika alilamba tofali. Aliamka, akafunga khanga kifuani, akaingia jikoni, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa na kunyoosha mkono kwenye uchaga, pale juu ya mafiga moshi unapopita. Alichukua kitofali kimoja kati ya vile vya jana, akakifuta kwa kiganja, akakilamba upande mmoja, halafu akasimama kimya kidogo akiusikiliza ulimi wake. Kikiwa kichungu, vyote vilirudi kuoshwa kwa maji ya majivu. Kikiwa hakina ladha yoyote, vilishuka. Watoto wa majirani waliokuwa wakimchungulia mlangoni walisema Dada Vero anakula mbao.

"Nyie mnaviweka mdomoni kutwa nzima," aliwaambia. "Mimi nikiweka kimoja, kosa?"

Vilikuwa vitofali vya kuchezea, vya mti wa mfenesi, manjano yake kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Vingine vifupi kama kiberiti, vingine virefu kama kidole, vingine vimekatwa upinde wa mlango au pembe ya paa, ili mtoto akipenda ajenge nyumba, akipenda ajenge kanisa na mnara wake. Veronika hakupaka rangi. Alitia spoku ya baiskeli kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akachora kwa kuunguza: misuko ya mkeka, jani la mgomba lililochanwa na upepo, kinyonga aliyekunja mkia. Kila kitofali aliacha upande mmoja mtupu. Alisema mtoto naye anataka mahali pa kupumzisha macho.

Kijiji chao kiko juu ya Matombo, huko ambako barabara inakoma na watu wanaendelea. Veronika aliolewa Mkuyuni, akakaa, hakuzaa, akarudi kwa mama yake. Mama yake, Ester, hakumuuliza kitu. Alimwonyesha banda alilokuwa akianikia ndizi na kumwambia, "Hili lako, fanya unachotaka humo." Ester alipofariki, Veronika alibaki na nyumba, banda, na mstari wa mifenesi ulioanzia karibu na kijito ukapanda hadi ukutani kwa jiko la mjomba wake, Severin. Ile miti Ester aliipanda kwa mkono wake mwaka Veronika alipozaliwa, na kijiji kizima kilijua hivyo, kwa sababu Ester hakuchoka kusema.

Mjomba Severin ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Zamani, dada yake akiwa hai, alimwomba ruhusa apandishe pilipili mtama kwenye ile mifenesi, maana pilipili haisimami yenyewe, inataka mti wa kuukumbatia. Ester alikubali. Pilipili ilishika, ikapanda, ikafunika magogo mpaka kwenye matawi, na Severin akawa mtu wa kuheshimika kwa ajili yake. Aliyeitunza hasa alikuwa mkewe, Mama Jastin. Yeye ndiye aliyeifunga kwa kamba za mgomba, yeye ndiye aliyepalilia chini. Veronika alimpenda yule mkazamjomba. Wakati wa kurudi kwake kutoka Mkuyuni, Mama Jastin peke yake ndiye aliyempokea mzigo bila kuuangalia uso wake.

Halafu Jastin mwenyewe akarudi kutoka Kisaki, alikokuwa akifanya vibarua vya hapa na pale. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Severin, mwepesi wa mdomo, hana pa kukaa. Veronika akamwingiza bandani amsaidie kukata. Akamwonyesha msumeno unavyoshikwa, akamwonyesha kipimo. Jastin alijifunza haraka, hilo lazima lisemwe. Ila alijifunza na mengine. Siku alipokuja mama mmoja mwenye duka la vitu vya watoto Morogoro mjini, Veronika alikuwa kijitoni anaosha vitofali. Aliporudi na beseni kichwani alimkuta Jastin amekaa kwenye kigoda chake, anaeleza.

"Hii kazi mama, nimeianza mwenyewe," alikuwa anasema. "Huyu dada ananisaidia kusuuza."

Veronika alitua beseni. Alimsalimia mgeni. Akaanza kuanika vitofali, na Jastin akadhani mambo yameisha.

Haukupita muda Severin akaita kikao cha ukoo. Walikaa uwanjani kwake, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, na Bibi Mwanvita, dada mkubwa wa ukoo ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akawekwa karibu ili asikie. Mwenyekiti wa kijiji alialikwa awe shahidi. Severin alisimama, akakohoa.

"Sisi Waluguru ardhi tunaifuata kwa mama," alisema. "Ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa mama, ya watoto wa dada zetu na watoto wao wa kike. Kila mtu anajua. Sasa marehemu Ester aliacha mtoto mmoja, Veronika huyu hapa. Veronika amemwacha nani?"

Watu wakatazama chini.

"Ninauliza. Amemwacha nani? Kutwa anachezea vitu vya watoto wa wenzake. Mstari wa Ester umekatika. Mimi kama mkubwa siwezi kuacha kiwanja kikae bila mtu wa kesho. Nimeamua banda na nyumba na kiwanja chake vikae mikononi mwa Jastin. Ana nguvu, atazaa."

"Jastin ni wa ukoo wa mama yake," alisema Bibi Mwanvita. "Si wetu."

"Bibi, zama zimebadilika."

"Zimebadilika kwa mwanao tu?"

Wakacheka wachache, chini chini. Severin hakucheka. Alirudia kuwa yeye ndiye mkubwa na kwamba ameshaamua, na wanaume wawili watatu waliokula kwake wakatikisa vichwa kukubali. Veronika alikaa kwenye mkeka, miguu kaikunja upande, macho kwenye vidole vya mjomba wake. Ile sentensi ya kuchezea vitu vya watoto wa wenzake ilimwingia kifuani, ikakaa. Hakulia. Waliomtazama walisema baadaye kuwa alikuwa kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Bibi Mwanvita hakuwa amemaliza. "Haya, ardhi umeigawa unavyotaka. Na ile pilipili yako iliyoko upande wa Ester? Kama ardhi ni ya ukoo, basi na pilipili ni ya ukoo. Tugawane."

Hapo Severin akashtuka. Hili hakulitarajia. Alisimama tena upesi, kofia ikamwanguka.

"Hapana, hapana. Tusichanganye. Ardhi ni ya ukoo, lakini kilichopandwa ni cha aliyekipanda. Hiyo ndiyo desturi tangu bibi zetu. Ukipanda mgomba kwa jirani, mgomba ni wako. Mwenyekiti, si ndivyo?"

"Ndivyo," alisema mwenyekiti.

"Bibi, si ndivyo?"

Bibi Mwanvita aligeuza uso wake upande aliokaa Veronika, kama anayemtafuta kwa masikio. "Ndivyo," alisema.

Veronika aliinua mkono, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kikaoni. "Mjomba, hiyo ni kwa kila kilichopandwa?"

"Kila kilichopandwa."

"Na aliyepanda akifa?"

"Kinaenda kwa mtoto wake. Wewe Vero, swali gani hilo? Hata mtoto mdogo anajua."

"Ahsante mjomba," alisema Veronika, akakunja tena mikono yake.

Alipewa muda wa kukaa mpaka mahindi yavunwe. Jastin hakungoja mahindi. Kesho yake tu alihamishia godoro lake bandani na kuanza kukaa kwenye kile kigoda. "Dada Vero, ile spoku yako niachie bwana, mimi nitatafuta wapi nyingine?" Au: "Dada Vero, kinyonga unaanzia kichwa au mkia?" Veronika alimjibu kwa upole wote. Kinyonga unaanzia mkia, alimwambia. Jastin akaunguza mkia, ukamzidi mwili, na kinyonga akawa kama mjusi aliyemeza konokono. Majirani walidhani Veronika amekubali yaishe. Wengine walimsifu kwa moyo wake.

Wao hawakumwona akipita kwenye mifenesi kila jioni. Alikuwa akisimama chini ya kila mti, anainua kichukuchu, kile kishada cha punje za pilipili, kwa vidole viwili, anakiminya kidogo kama anayechagua nyanya sokoni, halafu anakiachia. Bado. Alitaka ziwe zimejaa. Alitaka ziwe zimefika pale mtu anapoanza kuzitaja kwa majirani, anapoanza kuazima magunia. Zikiwa changa, mjomba angeumia kidogo tu. Veronika hakutaka mjomba aumie kidogo. Alikuwa akirudi nyumbani akiwa na furaha ya ajabu, anapika, anakula, analala usingizi mzito kuliko hata kabla ya kikao.

Siku moja Mama Jastin alimletea magimbi kwenye sahani, bado yanatoa mvuke. Alikaa kizingitini. Alikuwa na aibu, maana alianza kuongea na ukuta.

"Yale maneno ya kikaoni, mwanangu, mimi sikuyapenda. Nilimwambia mjomba wako usiku ule ule. Hakunisikia."

"Najua, mkazamjomba."

"Na Jastin nitamsema. Huyu mtoto mdomo wake..." Akatazama nje, kwenye miti. Uso wake ukafunguka. "Ila umeziona pilipili mwaka huu? Zimebeba, Vero. Hata kuzipita tu nasikia raha. Mwaka jana zile za kule kijitoni zilinisumbua, nikazifunga upya zote, sasa hebu ziangalie."

"Nimeziona," alisema Veronika. "Zimependeza."

Alikula magimbi yote. Akaosha sahani, akaikausha kwa khanga, akamrudishia kwa mikono miwili na kumshukuru. Ulikuwepo muda hapo, mfupi, ambao angeweza kuyaacha. Alimtazama yule mama akishuka uwanjani na sahani yake, akimfukuza kuku kwa mguu, na kitu kikamwambia, huyu je? Veronika alikisikia vizuri. Kesho yake alishuka kwa miguu mpaka Mkuyuni kumtafuta Kibwana.

Kibwana alikuwa na chenso, ule msumeno wa injini, naye ndiye aliyekuwa akiwaangushia watu miti huko chini. Lakini wenye chenso wako wengi. Veronika alimtaka yeye kwa sababu ukoo wake una utani na ukoo wa akina Severin, ule utani wa kweli, wa kukaa ndani ya kaburi lenu siku ya maziko na kukataa kutoka mpaka apewe jogoo. Mtani hakasirikiwi. Mtani akikutukana unacheka, akichukua kuku wako unamsindikiza. Anayempiga mtani ameuaibisha ukoo mzima.

"Mifenesi ya marehemu Ester?" Kibwana aliuliza. "Yote?"

"Yote. Magogo ni yako. Mimi sitaki hata kipande."

"Na Severin?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kibwana alimtazama muda mrefu, akaanza kucheka taratibu, bega moja kwanza, halafu mwili mzima. "Wewe mwanamke," alisema, "Mungu asinijalie kukukosea."

Veronika alienda pia kwa mwenyekiti kuomba ruhusa ya kukata miti yake. Mwenyekiti alikuna kichwa. Alikumbuka mwenyewe alivyojibu pale kikaoni, mbele ya watu. Akampa.

Kibwana na vijana wake walifika asubuhi, siku ambayo Severin alikuwa nyumbani, na magunia aliyoyaazima yamekunjwa barazani. Siku hiyo Veronika alikuwa ameichagua mwenyewe. Alimwonyesha Kibwana pa kuanzia. "Anzia kule kijitoni," alimwambia, "uje juu taratibu kuelekea kwake. Usiruke mti."

Chenso ilipolia Severin hakushtuka, alidhani ni kwa jirani. Mti wa kwanza ulipoanguka na mapilipili yake, ndipo akatoka na shati halijafungwa.

"We! We! Nani kakutuma? Simama!"

"Shikamoo mtani!" Kibwana alimpigia kelele juu ya mashine. "Tulia mzee wangu, nakunyoa. Ukitikisika nitakukata sikio."

"Pilipili yangu hiyo, Kibwana!"

"Si ndiyo? Ichukue! Nani kakukataza? Mimi nakata mfenesi, pilipili yako sijaigusa. Si hiyo hapo chini, imejilalia?"

Vijana wa Kibwana wakaangua kicheko. Severin aliinua ngumi na kuishusha. Watu walikuwa wamekwisha kujaa, na kila mmoja alijua kwa nini ngumi ile imeshuka. Akamgeukia Veronika, aliyekuwa amesimama pembeni, mikono ndani ya khanga.

"Vero! Umefanya nini?"

"Kilichopandwa ni cha aliyekipanda, mjomba. Aliyepanda akifa kinaenda kwa mtoto wake."

"Mimi nilisema..."

"Kila kilichopandwa. Ulisema hivyo."

Severin akatuma mtu mbio amlete Bibi Mwanvita. Bibi akaja akishikwa mkono, akasimama katikati ya matawi, akagusa gogo moja kwa fimbo. Severin alimweleza, akarudia, sauti imempasuka. Bibi akasubiri amalize.

"Mifenesi ya Ester hiyo," alisema. "Nilikuwepo akiipanda. Wewe ulisema mwenyewe, Severin, na sisi tukakubali. Sasa unataka tukusaidie nini?"

Chenso ikaendelea kupanda. Mti baada ya mti, kila mmoja ukishuka na shuka lake la kijani, vichukuchu vikipasuka chini, harufu ya pilipili mbichi ikawafanya watu wapige chafya na kucheka na kufuta machozi. Veronika hakupiga chafya. Alikuwa akimtazama mjomba wake tu. Kila gogo lilipoanguka aliona bega la mjomba likishuka kidogo, na ndani yake alihesabu lile neno moja: watoto wa wenzake, watoto wa wenzake.

Jastin alitoka bandani na kitofali mkononi. "Dada Vero, sasa mimi nitachongea nini?"

"Ardhi unayo," alisema Veronika.

"Chonga udongo, mjukuu!" Kibwana akadakia. "Baba yako kakupa mwingi."

Ukabaki mti mmoja, ule wa ukutani kwa jiko. Muda wote huo Mama Jastin hakuwa amepiga kelele. Alikuwa akitembea kati ya miti iliyolala, ameinama, anachuma vichukuchu vibichi na kuvitia kwenye khanga aliyoikunja tumboni, ingawa vilikuwa bado havijakomaa vya kutosha kuanikwa na yeye ndiye aliyejua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Alipofika kwenye ule wa mwisho alisimama mbele yake, mgongo kwenye gogo.

"Vero, mwanangu," alisema. "Huu mmoja niachie mimi. Si wa mjomba wako. Wa kwangu mimi."

Kibwana alizima mashine. Alikuwa bado na tabasamu lakini halikuwa na kitu ndani. Mjomba Severin alikuwa amekaa juu ya magunia yake, na aliposikia sauti ya mkewe aliinua kichwa, na usoni mwake kukatokea kitu kama tumaini.

Veronika aliliona lile tumaini. Kama asingeliona, labda.

"Sogea, mkazamjomba," alisema. "Utaumia."

Mama Jastin alimtazama kama anayemsoma upya tangu herufi ya kwanza. Halafu akasogea.

"Kata," Veronika akamwambia Kibwana. Kibwana aliwasha mashine bila kutania.

Matawi Veronika aliwaambia majirani wayachukue yawe kuni, na jioni ile kila jiko lilikuwa na mfenesi. Vijana waliburuta magogo kuelekea barabarani. Pale palipokuwa na kivuli tangu utoto wake palikuwa na mwanga mweupe, mkali, na nyumba ya Severin ilionekana ndogo, bati lake lina kutu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Veronika alitembea mstari mzima, kisiki kwa kisiki. Alisubiri kujuta, kwa sababu alijua mtu anatakiwa ajute. Alichokipata ni ile raha ile ile, ila sasa ilikuwa imesimama mahali pamoja, haimpeleki popote.

Asubuhi alifunga patasi, spoku na msasa ndani ya sufuria, akaifunga sufuria kwa khanga, akaibeba. Vitofali vilivyokuwa uchagani alikwishawagawia watoto. Wengine walikuwa wamekaa njiani wanajenga, akawazunguka asiwabomolee.

Severin alikuwa amesimama pale njia inapotoka uwanjani. "Ukitoka leo," alisema, "umetoka kwenye ukoo. Sikia vizuri. Usije hata kwenye msiba."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," Severin akajibu, mdomo ukimtangulia, na alipojisikia alichokisema akageuza uso kwa hasira.

Mama Jastin alikuwa jikoni, mlango wazi. Alikuwa amekaa na ungo, anatenganisha pilipili zile mbichi, zile zilizopasuka huku, zilizo nzima kule. Veronika alisimama mlangoni, akapiga goti kidogo na sufuria yake.

"Shikamoo mkazamjomba."

Vidole viliendelea kwenye ungo. Veronika alingoja. Alisalimia tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mama Jastin alipuliza makapi, akainamisha ungo upande wa mwanga, akaendelea kuchambua.

Veronika akainuka. Akashuka kwa njia ya kijitoni, akapita visiki vyote bila kuvitazama, akavuka. Barabarani, kijana wa bodaboda alimkimbilia apokee mzigo.

"Mkuyuni, dada? Nikungoje, kwenda na kurudi?"

"Kwenda," alisema Veronika, na mzigo hakumpa. Akaanza kutembea, na huko juu hakurudi tena.